Marsabit Haijapakwa Rangi

Jumatatu, 12 Januari

Lorraine ameenda shule. Basi lilitoka saa mbili asubuhi, nami nikakimbia kazini moja kwa moja, kwa hiyo sikupata nafasi ya kulia. Kiwandani walininyima ruhusa ya kumpeleka, ila kuna mzazi mwingine ambaye binti yake amepangiwa shule hiyo hiyo ya bweni huko Marsabit, akakubali kuwasindikiza wote wawili.

Jioni nimefungua mlango nikasema, "Nimefika," kama siku zote. Nyumba yetu ni chumba kimoja, ghorofa ya tatu, hapa Pipeline, Nairobi. Mtu hawezi hata kujificha humu asikujibu.

Chini ya godoro lake nimepata daftari la Maarifa ya Jamii. Ametumia kurasa kumi tu. Katikati amechora ramani ya Kenya, kaunti zote arobaini na saba, kila moja na jina lake kwa maandishi madogo safi, lakini hakupaka rangi hata moja. Kurasa zilizobaki nitaziandika mimi. Siwezi kutupa karatasi nzuri hivi.

Jumanne, 13 Januari

Leo hakuna jipya. Kiwandani nimetia zipu mia tatu na themanini.

Ijumaa, 16 Januari

Maji yamekuja, nikajaza mitungi minne, halafu nikakumbuka niko peke yangu. Miwili inanitosha.

Jumamosi, 17 Januari

Amepiga! Shuleni wanaruhusiwa kupiga nyumbani kila Jumamosi, dakika tatu, kwa simu ya mwalimu.

"Mum, huku ni baridi," akasema. "Baridi mbaya."

"Baridi Marsabit? Lolo, wacha mchezo."

"Aki si mchezo. Nalala na socks mbili."

Nikamwambia hiyo ni hamu ya nyumbani, itaisha. Dakika zikakatika.

Sasa nimekaa hapa na orodha ya shule mkononi. Imeandikwa wazi: sweta mbili nzito. Niliposoma hapo Desemba nilicheka. Nikasema hawa wa yunifomu wanatuibia tu, nani huvaa sweta nzito jangwani? Nikamnunulia moja, nyepesi, na pesa iliyobaki nikachukua kofia ya jua. Yote niliyokuwa nayajua kuhusu Marsabit niliyaona kwenye habari wakati wa kiangazi: ngamia, mavumbi, na kina mama wamepanga foleni ya maji.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya kanisa nimeshuka kwa duka la Shamis, pale chini ya ploti yetu ya ghorofa. Nimenunua mchele kwake miaka sita na hatujawahi kuvuka bei na chenji. Nilikuwa namwona mwanamke mkali. Leo nikamuuliza kama anajua Marsabit.

"Najua sana. Mimi ni wa Wajir lakini dada yangu ameolewa huko."

"Ni jangwa?"

"Huko chini, ndiyo. Lakini mji wenyewe uko juu ya mlima, Mama Lorraine. Kuna msitu! Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mimi nikienda kwa dada yangu nabeba blanketi."

Nikasimama na mchele wangu. Kazi yangu kiwandani ni kutia zipu kwenye jaketi nene za kuuzwa nchi za theluji. Mwaka wa tisa huu nawafunika watu ambao sitawahi kuwaona, na mtoto wangu mwenyewe nimempeleka mlimani na kofia ya jua.

Nimejiona mjinga, tena mjinga mwenye kiburi. Nina miaka arobaini na miwili. Katika nchi hii yote nimekanyaga Bungoma, Nairobi, na barabara iliyo katikati yake, na nusu ya hiyo barabara nilikuwa nimelala.

Jumanne, 20 Januari

Nimenunua sweta mbili, nzito kweli. Shamis ana binamu anaitwa Abdiqadir, anayeendesha lori la bidhaa kwenda Moyale, naye lazima apite Marsabit. Ameubeba mzigo na hakutaka hata shilingi.

Jumatano, 21 Januari

Nimeamua jambo. Rangi za Lorraine ziko kwenye kopo, penseli fupi fupi saba. Nitapaka ramani yake kaunti moja moja, lakini kwa sharti: lazima mtu wa huko aniambie kwa mdomo wake jambo moja ambalo sikulijua. Televisheni haihesabiwi, hata kutafuta kwenye simu hakuhesabiwi. Marsabit nitaiacha kwanza. Hiyo lazima aniambie Lorraine mwenyewe.

Wajir nimepaka manjano. Shamis anasema nyumba zao za zamani ni za mawe meupe, na maji ya visima vyao yana chumvi, hata chai ya huko mtu wa Wajir huijua kwa ulimi.

Ijumaa, 23 Januari

Kitui, nyekundu. Mativo, tunayekaa naye mashine kwa mashine, amenieleza wanavyochimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yatokee, na mwenye kuchimba hungoja yatulie kabla ya kuteka. Nimekaa naye miaka mitatu nikijua tu kwamba anapenda kuimba.

Jumamosi, 24 Januari

Sweta zimefika. Amenishukuru, sauti yake imechangamka. Halafu, kabla tu dakika hazijaisha:

"Mum, nani alichagua hii shule?"

"Ni kompyuta, mama. Kompyuta ndiyo iliwapanga."

"Sawa."

Jumapili, 25 Januari

Kanisani nimeshindwa kuimba. Wacha niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Kompyuta haikumpanga. Mwaka jana wanafunzi walichagua shule wanazotaka, naye Lorraine akachagua ya kutwa, hapa hapa Embakasi. Wiki hiyo hiyo Jacky wa ghorofa ya nne, rika lake, rafiki yake wa kuanika nguo pamoja, akapata mimba na kuacha masomo. Niliingiwa na hofu. Kila nikipanda ngazi na kusikia vijana wanacheka huko juu, naona Lorraine. Siku moja kabla ya kufungwa uchaguzi nikaenda kwa Kiilu, kijana wa saiba, duka la intaneti kule Kware, na karatasi ya Lorraine yenye nambari zake zote. Nikamwambia abadilishe, aweke shule ya bweni ya mbali.

"Mbali aje, mathe?"

Nikafikiria ile ramani ya hali ya hewa kwenye televisheni. Pale Marsabit ni kiganja kimoja tu kutoka Nairobi, juu kidogo ya Meru. Nikasema Marsabit.

Kiilu akanitazama. "Mathe, una uhakika? Hii kitu nikisend, imeenda."

"Tuma."

Ni zaidi ya kilomita mia tano. Hilo nimelijua Januari, wakati wa kukata tikiti.

Alhamisi, 29 Januari

Vihiga, kijani. Ayuma wa meza ya kukagua kiwandani anasema kwao kuna mawe makubwa kuliko nyumba, na watu hulima mahindi katikati yake kana kwamba hayapo.

Jumatatu, 2 Februari

Nyandarua, samawati. Wangeci wa mboga: kuna asubuhi umande huganda barafu na viazi huungua kwa baridi. Sikujua kitu kinaweza kuungua kwa baridi.

Alhamisi, 5 Februari

Nimejaribu kupaka Bungoma, kwetu. Nikakwama. Niliondoka huko nikiwa na miaka kumi na tisa. Kila nilichokumbuka ni kile kila mtu husema. Mwishowe nimekumbuka siku ya soko Chwele, kuku wengi kuliko watu, wamefungwa miguu wawili wawili, na mama yangu akinituma nishike yule anayepiga kelele kidogo, eti ndiye atataga vizuri. Nikapaka. Sijui kama ni kweli kuhusu kuku.

Jumamosi, 14 Februari

Amejua.

Mwalimu wa darasa aliwapa faili zao wahakikishe majina. Kwenye karatasi yake imeandikwa chaguo la kwanza: shule hii, na tarehe ya kubadilishwa. Amenisomea hiyo tarehe kwenye simu polepole, mara mbili.

"Ulienda siku nilikuwa nimeenda kukuchukulia gesi," akasema.

Nilianza kueleza. Nikasema Jacky, nikasema ngazi, nikasema wavulana wa juu.

"Mimi si Jacky."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungekuwa unajua ungeniuliza." Nikasikia anapumua. "Unajua kwa nini nilichagua ya kutwa? Si masomo. Ni ndio usibaki peke yako kwa hiyo nyumba."

Halafu akampa mwalimu simu. Dakika tatu zilikuwa hazijaisha. Alibakisha karibu dakika nzima, mimi nikiwa nimeshika simu sikioni na laini imekatika.

Naandika na taa imewashwa, ingawa ni saa nane mchana na nje jua ni kali. Jengo la mbele liko karibu nasi kiasi kwamba mwanga haufiki ndani. Naona mkono wa jirani ukitoa nguo kwenye fimbo ya dirishani. Katika hili jengo kuna vyumba mia moja na zaidi. Mtoto mmoja tu katika dunia hii alijali kama nitakuwa peke yangu, nami nimemfukuza kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda kanisani.

Ijumaa, 20 Februari

Saa sita mchana nilimpelekea Shamis chai ya maziwa kwenye kikombe changu kizuri, maana ndiye mtu pekee ninayezungumza naye siku hizi. Akaitazama, akanitazama, akacheka mpaka akashika kaunta. Ramadhani imeanza juzi. Nimejaza kichwa changu na visima vya Wajir na sijui jirani yangu amefunga!

Nikaomba msamaha. "Iache hapo," akasema. "Nitaipasha jioni."

Jumamosi, 21 Februari

Hakupiga.

Jumamosi, 28 Februari

Hakupiga. Hii ilikuwa wiki ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Wanafunzi wa karibu wamerudi kwao siku chache. Hapa kwenye ploti watoto wamejaa kwenye ngazi na magunia yao ya nguo chafu, na kina mama wanalalamika wanavyokula. Mimi nimelalamika nao. Nimesema wangu pia anakula sana.

Jumatano, 4 Machi

Mvua imeanza mapema.

Jumamosi, 7 Machi

Hakupiga. Nimempigia mwalimu. Mpole sana. "Yuko salama, Mama Lorraine. Anafanya vizuri. Nimemwambia aje kwa simu, akasema Jumamosi nyingine."

Nimeuliza kama anavaa sweta. Anavaa.

Jumatatu, 9 Machi

Maji yamejaa barabarani kutoka ploti yetu mpaka lami. Vijana wanavusha watu kwa mkokoteni. Nimevushwa nimesimama kama mwanasiasa, Irungu, msimamizi wa ploti, akinipungia mkono kutoka langoni na kupiga vigelegele. Nimecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu, na kitu cha kwanza nilichofikiria ni kumwambia Lorraine.

Irungu ni wa Murang'a. Nilikuwa nimeipaka tayari kwa neno lake kuhusu mashamba yaliyosimama wima kiasi kwamba mtu anaweza kuanguka kutoka shambani kwake.

Jumamosi, 14 Machi

Hakupiga. Kaunti kumi na tisa.

Nitasema jambo ambalo halinipendezi. Nilianza kupaka hizi kaunti ili nimwonyeshe Lorraine, nimpendeze. Sasa hata yeye hayupo kwenye simu, na bado nauliza. Leo nimemuuliza mzee wa kushona viatu anatoka wapi, akaweka sindano chini akasema, "Mama, hakuna mtu ameniuliza hiyo tangu nije hapa." Ni wa Taita. Akanieleza mpaka nikachelewa sokoni. Nilifikiri ni mimi peke yangu nisiyeulizwa.

Jumanne, 17 Machi

Umeme umekatika ploti nzima tangu asubuhi. Magharibi Shamis amenitumia mtoto wa duka: njoo ufuturu, usikae gizani.

Tumekaa nyuma ya duka, kwenye magunia, na taa ya betri. Tende, sambusa, uji. Akanipa kile kikombe changu kizuri, kimeoshwa, na chai ndani.

Akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nikataka kusema vizuri. Badala yake nikamwambia yote: Kiilu, karatasi, gesi, uongo wa kompyuta. Sijawahi kumwambia mtu. Nikaweka kikombe chini.

Akanijazia kikombe. Halafu akasema, "Mimi nina binti Wajir. Ana miaka kumi na mitatu. Anakaa na mama yangu."

"Una binti?"

"Miaka sita unanunua mchele hapa, Mama Lorraine." Hakusema kwa ukali. "Mimi pia sikumuuliza. Nilisema mji si mzuri kwa msichana, nikamwacha. Sasa akipiga simu anazungumza na mimi kama mgeni. Salaam, uko sawa, kwaheri."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia afanye hivi, afanye vile." Akaokota tende, akairudisha. "Labda ndiyo makosa."

Tukakaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka hata hatukusikia adhana ya Isha. Nikamwomba anieleze barabara yote ya kwenda Marsabit, mahali baada ya mahali, kama vile binamu yake huipita. Akanieleza, nami nikarudia nyuma yake mpaka nikashika.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Shamis amefunga duka. Amenipa sahani ya pilau imefunikwa kitambaa. Jina la binti yake ni Hodan. Nimeuliza.

Jumamosi, 21 Machi

Hakupiga. Nilikuwa nimekaa na simu mapajani tangu saa nne mpaka saa kumi. Nina hasira naye leo, kwa nini nisiseme? Nilikosea, lakini ni mimi niliyemlea kwa zipu, kwa macho haya, peke yangu. Wiki tano ni nyingi.

Baadaye: si nyingi. Nilimdanganya miezi mitatu.

Alhamisi, 26 Machi

Shule zinafungwa Alhamisi ijayo. Nimefua mashuka yake. Hayakauki kwa mvua hii. Nimeyaning'iniza ndani na chumba kizima kinanuka sabuni. Nimenunua unga wa ugali kilo nne, na royco ya mchuzi, na mafuta anayopenda ya nywele.

Jumamosi, 28 Machi

Saa tano na dakika kumi. Nambari ya mwalimu.

"Mum."

"Lolo."

Wote tukanyamaza, na dakika tatu si kitu cha kunyamazia. Nikasema haraka kabla hajaanza: "Ni mimi nilibadilisha. Si kompyuta. Niliogopa nikakudanganya, na sikukuuliza. Nimekukosea, Lorraine. Sisemi Jacky, sisemi wavulana. Ni mimi."

Nyuma yake wasichana wanacheka, mlango unafungwa.

"Sawa," akasema. Sauti yake ndogo. "Mum, kuna kitu nataka kukuuliza. Usikasirike. Kuna msichana tunalala naye dom moja, Nasieku, mamake amesema naweza kuenda kwao likizo. Yote. Ni Laisamis. Najua uko peke yako. Nauliza tu."

Nikatazama mashuka. Nikatazama unga kilo nne. Neno "hapana" lilikuwa limeshafika kwenye meno, na ni mimi mama, ningelisema na angekuja, angekaa kwenye hiki kitanda wiki tatu akinitazama.

"Laisamis," nikasema. "Ukitoka kwenu unashuka mlima, unapita Karare, unapita Log-Logo, halafu Laisamis. Ukizidi utafika Merille. Huko ni joto, hayo masweta uache shuleni. Ile kofia uende nayo."

Nikafikiri laini imekatika tena.

"Nani amekuambia hizo vitu?"

"Shamis wa dukani."

"Shamis? Si wewe hata huwa humsalimii?"

"Huyo huyo. Ana binti anaitwa Hodan. Ulikuwa unajua?"

"Ee, najua. Huwa ananionyesha picha zake." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikawa kitu kingine, nikamsikia anafuta pua. "Mum, so naeza kuenda?"

"Chagua wewe."

"Serious?"

"Chagua wewe, mama."

Nilihesabu pumzi zake. Nilijua atachagua nini, na bado nilitumaini.

"Nataka kuenda," akasema.

Imeniuma. Naiandika kama ilivyo. Imeniuma kuliko ile dakika aliyoniachia Februari, maana safari hii hakukuwa na hasira ndani yake.

Nikamwambia sawa. Nikamwambia nimeipata ramani yake, nimepaka kaunti ishirini na tatu, na sharti langu ni lipi, na kwamba Marsabit bado ni nyeupe kwa sababu namngoja yeye. Mwalimu alikuwa ameanza kusema dakika zimekwisha. Lorraine akazungumza haraka haraka.

"Asubuhi tukiwa parade, ukungu unafunika bendera. Tunaimba wimbo wa taifa na hatuioni. Mara ya kwanza nililia. Siku hizi naangalia tu hapo juu nikijua iko." Halafu: "Lakini Mum, usipake yote! Hiyo ni ya hapa mlimani. Huko chini sijaona bado. Paka hapa tu, nikikuja Agosti nitapaka zingine mwenyewe."

"Wapi hasa?"

"Katikati. Kadogo."

Ikakatika.

Nimeteremka kumpelekea Shamis nusu ya unga. Nimemwambia mtoto anaenda Laisamis na kwamba nilimwacha achague. Akauliza kama ninalia. Nikasema ndiyo. Akafunga duka saa sita mchana, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, tukakaa kwenye magunia mpaka akachukua simu yake, akaitazama muda mrefu, akampigia Hodan. Sielewi Kisomali. Lakini nilisikia kwamba alikuwa anauliza, na kwamba baada ya kila swali alikuwa anangoja.

Sasa niko juu. Nimechonga penseli ya kijani kwa kisu. Nimeweka doa katikati ya Marsabit, dogo kama kifungo cha shati, na pembeni yote nimeiacha nyeupe.